Wasomaji Wauliza: Umekabidhiwa kozi ya isimu nawe bado u mwanafunzi

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliopewa kufundisha isimu, yaani taaluma ya uchunguzi wa lugha, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengine kozi nzima, wengine semina tu. Zilizofanana tumeziunganisha, ndefu tumezipunguza.

Walimu, shikamooni. Zimebaki wiki mbili muhula uanze, ndipo idara imenijulisha kuwa nitafundisha Utangulizi wa Isimu peke yangu. Wanafunzi ni 70, wiki ni 14, na kila wiki kuna mhadhara wa saa mbili na semina ya saa moja. Silabasi niliyorithi ina mada 19. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia mwisho. Kabla hujafungua kitabu chochote, andika rasimu ya mtihani wa mwisho: maswali matano, hata kwa penseli. Kisha ipitie silabasi ukiwa na rasimu hiyo mkononi. Mada ambayo haina swali, wala haihitajiki ili nyingine ieleweke, ifute na usiionee huruma. Wiki 14 kwenye ratiba si wiki 14 za kufundisha. Moja ni ya mapitio, moja ni ya jaribio la kati, na moja italiwa na jambo ambalo hakuna anayelijua sasa. Zinabaki 11. Mgao tunaoupendekeza ni mofolojia (muundo wa maneno) 2, fonetiki (sauti zinavyotamkwa) 2, fonolojia (mifumo ya sauti) 2, sintaksia (muundo wa sentensi) 3, semantiki na pragmatiki (maana na matumizi yake) 1, isimujamii (lugha katika jamii) 1. Isimu historia ipewe nusu saa mwishoni mwa fonolojia, wanafunzi wakiwa tayari na zana za kulinganisha sauti.

Wa kwanza kukatwa uwe ule mhadhara wa historia ya nadharia unaoanza na Saussure 1916, ukapita kwa Bloomfield 1933, ukaishia kwa Chomsky 1957. Wanaisimu hao wana umuhimu wao, lakini mwanafunzi wa wiki ya pili hajaliona hata tatizo moja walilokuwa wakihangaika nalo, basi anabaki kukariri majina na miaka. Mtaje Saussure siku mnapojadili kwa nini sauti za neno hazina uhusiano wa lazima na maana yake, na Chomsky siku sentensi moja inapogoma kukaa katika mchoro mmoja.

Vitabu vingi huanza na fonetiki. Sisi tungeanza na mofolojia, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuanza kukata maneno siku ya kwanza bila kujifunza alama hata moja mpya. Dakika kumi za mwanzo zitumie hivi. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto wanaozungumza Kiingereza picha ya kijinyama cha kubuni, akakipa jina lisilokuwepo katika lugha hiyo, kisha akaonyesha viwili na kuwaachia wamalizie sentensi. Watoto walitoa wingi wa neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Rudia jaribio hilo darasani kwako. Andika ubaoni *kigwasu*, uliza wingi wake, na darasa zima litajibu *vigwasu*. Kisha andika *mgwasu*. Hapo watagawanyika: wapo watakaosema *wagwasu* na wapo watakaosema *migwasu*. Usiwaamue. Waulize kila upande ulidhani kitu hicho ni nini. Watakuambia wenyewe kuwa waliotoa *wa-* walifikiria kiumbe chenye uhai, na umeshafundisha kwamba ngeli hazitegemei umbo peke yake.

Maandalizi ya mhadhara mmoja wa saa mbili yawekee kikomo cha saa sita. Zikiisha, ulichonacho ndicho utakachofundisha. Na slaidi ziwe chache. Data za lugha zinahitaji karatasi ambayo mwanafunzi ataichorea mistari, kwa hiyo kitini cha kurasa mbili kinafaa kuliko slaidi 40.

Mazoezi ninayotunga yananiaibisha. Nadhani yana jibu moja, kumbe wanafunzi wanaleta majibu matatu na yote yanatetewa na data. Nakosea wapi?

Hujadhibiti data yako. Kanuni uitafutayo imo ndani, ila umeiacha na jirani zake wanaofanana nayo. Tuonyeshe kwa Kituruki, ambacho wingi wa nomino zake huundwa kwa *-ler* au *-lar*. Mwalimu anataka wanafunzi wagundue kwamba kiambishi hufuata irabu ya mwisho ya neno: irabu ya mbele (inayotamkwa ulimi ukiwa mbele kinywani) huchukua *-ler*, ya nyuma huchukua *-lar*. Anaandika *ev–evler* (nyumba), *diş–dişler* (jino), *kuş–kuşlar* (ndege), *kol–kollar* (mkono). Mwanafunzi anajibu kuwa *-lar* hutokea baada ya irabu ya kuviringa midomo. Amekosea kuhusu Kituruki, lakini kwa data hiyo yuko sahihi kabisa na huna haki ya kumnyima alama. Katika maneno hayo manne, kila irabu ya nyuma imetokea kuwa ya mviringo. Dawa ni kuchanganya sifa hizo mbili: ongeza *göz–gözler* (jicho) na *gül–güller* (waridi), ambazo ni za mbele na za mviringo, kisha *at–atlar* (farasi) na *kız–kızlar* (msichana), ambazo ni za nyuma lakini si za mviringo. Sasa jibu la mviringo linakufa lenyewe. *Saat–saatler* (saa) iache nje kwanza, kwa sababu inakaidi kanuni. Na usisahau kuwaandikia thamani ya herufi wasizozijua, kwa alama za kimataifa za matamshi zinazowekwa ndani ya mabano ya mraba: ö ni [ø], ü ni [y], ı isiyo na nukta ni [ɯ], ş ni [ʃ].

Basi utaratibu ni huu. Andika kanuni unayotaka igunduliwe. Orodhesha sifa nyingine zote ambazo mwanafunzi angeweza kuzishuku, kama idadi ya silabi, sauti ya kwanza ya neno, maana, uhai. Kwa kila sifa hakikisha kuna neno linaloikanusha. Kila mazingira yawe na mifano isiyopungua mitatu, maana miwili inaweza kuwa bahati tu. Maneno 12 hadi 16 yanatosha, na yakizidi 20 mwanafunzi huacha kuyasoma. Maana ya kila neno iwepo hata kama haihusiki, la sivyo atatumia robo saa akishuku kwamba umemficha kitu. Kwa sentensi, tumia kanuni za Leipzig za kupanga mistari: kila neno chini ya neno lake, kistari kati ya mofimu (vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana), nukta pale mofimu moja inapobeba maana mbili. Mwisho mpe mwenzako asiyelijua jibu alifanye huku ukiangalia saa. Akitumia dakika kumi, wanafunzi watahitaji thelathini.

Kutumia Kiswahili kwa darasa la Waswahili kuna mtego wake. Anayeijua lugha hutoa jibu kutoka kichwani, haangalii data, na hajui kwamba hajaiangalia. Kwa hiyo zoezi la kwanza la kila mada liwe la lugha ngeni kwao, Kiswahili kije la pili. Kikija, kiwe na jambo litakalowashangaza. Umoja na wingi wa ngeli ya U/N ni hazina ya mambo hayo:

*ubavu–mbavu, ubao–mbao, ubawa–mbawa*
*ulimi–ndimi, udevu–ndevu*
*ukuta–kuta, upanga–panga, ufunguo–funguo, ufagio–fagio*
*wimbo–nyimbo, wembe–nyembe, wavu–nyavu*

Kutoka hapa darasa litafika kwenye kiambishi cha nazali (sauti ya puani) kinachobadilika kufuata sauti inayokifuata. Mbele ya [b] ni [m], mbele ya irabu ni [ɲ], na mbele ya konsonanti zisizo na ghuna (zisizotetemesha nyuzi za sauti) kama [k], [p], [f] hakisikiki kabisa. *Ulimi* huwatesa kidogo kwa sababu [l] yenyewe inageuka [d], na kutesa huko kunafaa. Wakishaiandika kanuni na kuridhika, wape sehemu ya pili yenye maneno matatu tu: *ufa–nyufa, uso–nyuso, uzi–nyuzi*. *Ufa* na *ufunguo* zote zinaanza na *uf-*. Mbona moja ni *nyufa* na nyingine *funguo*? Waache wahangaike. Shina *-fa* lina silabi moja, kwa hiyo *u-* haing'oki, na nazali inakutana na irabu, si na [f]. *Ubeti–beti* ihifadhi kwa mwanafunzi atakayemaliza mapema, maana kwa kanuni yake ingekuwa *mbeti*. Akishaona kuwa neno ni la mkopo, mtilie *wakati–nyakati*, la mkopo vilevile lakini linatii.

Onyo moja: usibuni data ya lugha iliyopo. Ukitaka data safi kupita kiasi, sema wazi kuwa lugha ni ya kubuni, vinginevyo tumia sarufi iliyochapishwa na utaje ukurasa. Mafumbo ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Isimu, iliyoanza 2003, hupatikana bure, mengi yametungwa kwa ustadi wa juu, na majibu yake pia hupatikana bure, kwa hiyo ni ya darasani, si ya alama.

Nusu ya darasa langu huandika [juu] wakimaanisha neno *juu*, na [yai] wakimaanisha *yai*. Nimesahihisha mpaka nimechoka.

Tahajia ya Kiswahili iko karibu sana na matamshi, na ukaribu huo ndio unaowaponza. Alama [j] ni sauti ya mwanzo ya *yai*. Alama [y] ni irabu, ile ü ya Kituruki. Aliyeandika [juu] ameandika neno linalosomeka *yuu*. Tengeneza jedwali dogo la herufi zinazodanganya na ulitoe siku ya kwanza, si baada ya makosa: *y* ni [j], *sh* ni [ʃ], *ch* ni [tʃ], *ny* ni [ɲ], *dh* ni [ð], *th* ni [θ], *gh* ni [ɣ]. Herufi *j* ina wanaoitamka [ɟ] na wanaoitamka [dʒ], basi tangaza mapema kwamba utapokea zote mbili. Tofauti ya *ngoma* na *ng'ombe*, yaani [ŋg] na [ŋ], itasahaulika kila wiki hadi mwisho wa muhula. Izoee tu.

Imla husaidia kuliko mihadhara. Kila kipindi kianze na maneno matano, dakika tano, na yawe maneno yasiyo na maana: [ŋaθi], [ʃeɲo], [ɣubi], [ðotʃa]. Neno lisilojulikana halina tahajia ya kuegemea, masikio yanalazimika kufanya kazi. Mara tatu za mwanzo usitoe alama. Baada ya hapo wabadilishane madaftari wasahihishane.

Ukitaka wayaone wanayoyasikia, pakua Praat, programu ya bure iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Onyesho la robo saa linatosha: rekodi [i], [a], [u] za mwanafunzi mmoja, mpime fomanti (masafa ya mwangwi yanayotofautisha irabu) ya kwanza na ya pili, mziweke kwenye grafu. Kinachoharibu onyesho hili kwa kawaida ni mpangilio wa kikomo cha juu cha fomanti. Kwa sauti ya mwanamume mtu mzima weka 5000 Hz, kwa mwanamke 5500 Hz. Hata ukiweka sawa, [u] inaweza kukuletea namba za ajabu, kwa kuwa fomanti zake mbili za kwanza zimekaribiana na programu huzidhania ni moja. Lifanyie mazoezi usiku wa kuamkia darasa, kwa kipaza sauti kilekile utakachotumia.

Mwanafunzi aliniuliza kwa nini tunasema *nyumba kubwa* na *nyumba fupi* bila *m-*, lakini *nyumba mpya*. Nilibabaika mbele ya darasa. Na je, niwaruhusu waniite Daktari?

Kwa la pili, hapana, mpaka siku utakayoipata. "Mwalimu" inatosha na haina ubishi.

Kwa la kwanza, jibu lake ni lilelile la *ufa* hapo juu. Shina *-pya* lina silabi moja. Neno la Kiswahili hupenda kuwa na silabi mbili ili mkazo upate mahali pa kukaa, kwa hiyo nazali inabaki, inakuwa silabi kamili na kuubeba mkazo huo. *Kubwa* na *fupi* zina silabi zake za kutosha.

Swali litakalokukuta mikono mitupu liandike kwenye kona ya ubao na jina la aliyeuliza, kisha uliza darasa: "Tungehitaji maneno gani ili tujue?" Wakikuletea vivumishi vinne vitano vya kulinganisha, mara nyingi jibu linachomoza hapohapo. Lisipochomoza, lirudie mwanzoni mwa kipindi kijacho kwa dakika zisizozidi tano. Usiahidi kurudi na kila swali, maana wapo watakaogeuza jambo hilo mchezo.

Mimi ni mwendesha semina tu. Mhadhiri anachora sentensi kwa mtindo wa S → KN KT (sentensi ni kundi nomino na kundi tenzi), nami nimefundwa kwa Eksibaa (nadharia ya X-bar ya kuchora miundo) na naona mtindo wake umepitwa na wakati. Nifundishe upi?

Wake. Mtihani ni wake na alama zinatolewa kwa mtindo wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeletewa michoro miwili ya sentensi moja haondoki na nadharia mbili, anaondoka na wasiwasi. Ukiona kosa la wazi kwenye mhadhara, mwone mhadhiri faragha, naye alirekebishe mwenyewe.

Isitoshe, mtindo wa mchoro si kiini cha sintaksia ya mwaka wa kwanza. Kiini ni kuthibitisha kwamba maneno fulani yanakwenda pamoja, na hilo halibadiliki ukitumia KN au kingine. Saa yako moja itumie hapo, kwa sentensi mbili tu. Tunaipenda hii: *Nilimwona mtoto wa mwalimu mgonjwa.* Nani mgonjwa? Kabla ya mtu yeyote kuchora ngoe (mchoro wa matawi), kila mmoja aweke mabano kwa penseli: [mtoto [wa mwalimu mgonjwa]] au [[mtoto wa mwalimu] mgonjwa]. Kisha wajaribu kutenganisha maana hizo: kubadilisha kundi kwa *yule*, kuuliza "mtoto wa nani?", kulihamishia mwanzoni mwa sentensi. Baadaye badilisha *mtoto* uweke *kitabu*. *Kitabu cha mwalimu kipya* na *kitabu cha mwalimu mpya* hazina utata, upatanisho umeshaamua. Kumbe utata wa sentensi ya kwanza ulitokana na nomino mbili za ngeli moja kukaa jirani. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, semina imelipa.

Makosa ya kuchora ni machache na yanajirudia. Wanaanzia juu na kukosa nafasi, basi waanzie chini, kwenye maneno, wakipanda. Wananing'iniza maneno yote kwenye tawi moja, na hao warudishe kwenye mabano. Mistari ikipishana, jua kwamba mabano yalikosewa.

Tulikuwa tunajadili *rafiki yangu* na *rafiki wangu*. Mwanafunzi mmoja akasema kwao husema *wangu*, darasa likamcheka. Nilifundisha kwamba isimu haihukumu, lakini mtihani nao unataka jibu moja. Nifanyeje?

Kumwambia darasa "msicheke" hakufundishi isimu. Kinachofundisha ni kuhesabu. Andika sentensi sita kwenye karatasi, tatu zisizo na ubishi na tatu zenye ubishi, ukizichanganya: *rafiki yangu, rafiki wangu, marafiki zangu, marafiki wangu* na kadhalika. Kila mmoja, kimyakimya na bila kuandika jina, aipe kila sentensi namba kuanzia 1 hadi 5: 1 ikiwa "hakuna anayesema hivi", 5 ikiwa "nasema hivi kila siku". Kusanya, changanya, jumlisheni ubaoni. Utaona sentensi ambazo wote wanazipa 5, ambazo wote wanazipa 1, na ambazo zimetawanyika. Mtawanyiko huo ndio data. Sasa swali zuri ni kwa nini imetawanyika hapo na si pengine: *rafiki* ni nomino ya kiumbe hai iliyokaa katika umbo la ngeli ya N, na kuna mvutano kati ya umbo na maana. Ni mvutano uleule uliowagawa kwenye *mgwasu*. Karatasi zikusanywe kabla ya mjadala, maana mkono wa kwanza kuinuka huwavuta wengine.

Kuhusu mtihani, tatizo liko kwenye swali. "Ipi ni sahihi?" si swali la isimu. Uliza: "Katika Kiswahili sanifu hutumika *yangu*, na baadhi ya wazungumzaji hutumia *wangu*. Eleza kila kundi linapatanisha kwa kigezo gani." Swali hili lina jibu, na halimdhalilishi mtu.

Nasahihisha karatasi 70 za zoezi moja. Nikirudi kuangalia, za asubuhi zimepata alama kidogo kuliko za jioni kwa majibu yaleyale.

Hesabu kwanza: karatasi 70 kwa dakika 8 ni dakika 560, yaani saa 9 na dakika 20. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja na akili ikabaki sawa. Gawa kwa siku tatu.

Kisha andika mwongozo wa alama kabla ya kusoma hata karatasi moja. Kwa zoezi la fonolojia la alama 10 tungetoa 3 kwa kuorodhesha mazingira, 3 kwa kanuni iliyosemwa wazi, 2 kwa kutaja maneno yanayoithibitisha, 2 kwa kushughulikia neno linaloikaidi. Karatasi sita za mwanzo zipe alama kwa penseli. Baada ya hizo utakuwa umekutana na jibu ambalo mwongozo haukulifikiria. Rekebisha mwongozo, urudi kwenye zile sita, ndipo uendelee. Sahihisha swali la kwanza kwa wote, kisha changanya karatasi uende swali la pili, ili aliyekukuta umechoka asiwe huyohuyo kila mara. Jina lifunikwe.

Aliyekosea hatua ya kwanza halafu akajenga hoja sahihi juu ya kosa hilo akatwe mara moja tu. Hapa ndipo wasahihishaji wageni huonea watu: mwanafunzi ameandika [y] badala ya [j], na kila hatua inayofuata inachorwa nyekundu.

Maoni mawili kwa karatasi yanatosha. Yanayojirudia yaandike kwenye ukurasa mmoja wa darasa zima, na urudishe kazi kabla zoezi lijalo halijatolewa, kwa kuwa maoni yanayofika baada yake hayasomwi. Mkiwa wasahihishaji wawili, nyote sahihisheni karatasi nane zilezile bila kuonyeshana. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama moja, badilisheni maneno ya mwongozo. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi, baada ya saa 24, na ijulikane kwamba karatasi nzima itasahihishwa upya na alama inaweza kupanda au kushuka.

Majibu ya nyumbani yanazidi kufanana, na nina hakika ni ya programu za akili mnemba.

Hakika yako haithibitishiki, na programu za kugundua jambo hilo hukosea kwa pande zote mbili, basi usimshtaki mtu kwa mtindo wa uandishi wake. Badilisha unacholipia alama. Kazi ya nyumbani iwe na alama chache, kama 10 kati ya 100, na kila baada ya wiki mbili kuwe na swali la dakika kumi darasani kwa kalamu, juu ya data ileile waliyoifanyia kazi nyumbani, likiwa na neno moja jipya: "Neno hili linaithibitisha kanuni yako au linaipindua? Eleza." Aliyefanya kazi mwenyewe anamaliza mapema. Pia mara moja katika muhula wape jibu lililotolewa na programu hizo kuhusu lugha wanayoijua vizuri, wawinde makosa. Mara nyingi hawakosi mfano wa neno lisilokuwepo.

Tasnifu yangu imesimama tangu nianze kufundisha. Nitajinasuaje?

Jumlisha saa zako za wiki: mhadhara 2, semina 1, maandalizi 6, mashauriano na wanafunzi 2, usahihishaji kwa wastani 3. Hizo ni 14. Zikizidi hapo, mara nyingi ni maandalizi yaliyovimba, na mara nyingi ni slaidi zinazorembwa upya. Omba vitini vya aliyekutangulia na uvitumie hata kama hupendi mpangilio wake. Vipindi viombe vipangwe siku mbili zinazofuatana ili siku tatu zibaki mali ya tasnifu. Wanafunzi waambie siku ya kwanza kuwa barua pepe hujibiwa siku za kazi, ndani ya siku mbili, na kwamba swali la "jibu la namba tatu ni lipi" halijibiwi kwa barua pepe.

Kwa muhula ujao, kabla hujakubali kozi, iulize idara kwa maandishi: nani anatunga mtihani, nani anatia saini alama, kuna msaidizi wa kusahihisha au hakuna, na malalamiko yakifika juu yanakwenda kwa nani. Barua yenye majibu hayo itunze mpaka alama zitakapopitishwa.